Boti ya Wanawake Isiondoke

Barua yenyewe ilikuwa na mistari mitatu, na Inspekta Jepchirchir aliisoma mara tatu akiwa wima, kwa kuwa Bi Mwanaarabu alikuwa na hasira hata akasahau kumkaribisha akae.

Alhamisi 1400.
Boti ya wanawake isiondoke.
Ni hatari.

Haikuwa na jina wala salamu. Ilisukumwa chini ya mlango wa nyumba hii ya mtaa wa Langoni, Lamu, baada ya sala ya alfajiri, siku yenyewe ambayo Esha, kitinda mimba wa Bi Mwanaarabu, alikuwa apelekwe kwa mumewe Mkokoni. Nikaha ilikwisha somwa Jumapili. Zilizobaki zilikuwa boti mbili, moja ya wanaume na moja ya wanawake, zinangoja maji yajae kwenye Mkanda, ule mlango mwembamba kati ya kisiwa cha Manda na bara. Maji yangejaa saa nane mchana. Sasa ilikuwa saa nne kasorobo.

"Ni Usama," alisema Bi Mwanaarabu. "Alimposa Esha mara mbili, tukamwambia mwana ana ahadi. Sasa uhasidi umemfika hapa." Akajigusa koo.

"Una hakika, Bi?"

"Mwanangu, sisi tu watu wa mui huu. Watu wa Hamdun, huyu bwana arusi, walituchunguza nasaba mpaka babu wa saba. Walitafuta wazimu, wakatafuta ukoma, wakatafuta kifafa, wasione kitu. Tumewapa mwana safi. Nani wa kuudhika na hilo kama si mtu alokataliwa?"

Jepchirchir aliigeuza ile karatasi. Ilikuwa ndogo, imechanwa upande wa juu, na pale ilipochanwa palibaki ukingo mwembamba wa rangi ya buluu.

"Boti ya wanawake itaendeshwa na nani?"

"Shekhan, mwanangu mkubwa. Nduguye Esha."

"Na nani mwingine?"

"Mwingine wa nini? Wanawake wamepambwa, hawana buibui, waimba. Boti yetu haingii mtu mume asokuwa maharimu. Kumi na sita wote ni dada zake, wapwa zake, khalati zake, na mimi mamake. Ndiyo ada yetu tangu zama za bibi zangu."

"Na ya wanaume?"

"Hiyo yaingia yeyote. Hata Usama tumemwalika, kwa ujinga wetu."

Jepchirchir alishukuru, akakataa kahawa kwa adabu, akatoka. Alikuwa mzaliwa wa Kapsabet, ambako maji hukaa mtoni na watu hukaa nchi kavu, kila mmoja kwao. Miezi minane ya Lamu ilikuwa imemfundisha kula pweza na kusema "hujambo" kwa kituo. Kupanda boti bila kushika kitu kwa mikono miwili bado.

* * *

Usama alikuwa Wiyoni kwenye karakana yake, anapiga msasa mguu wa kitanda. Alikuwa kijana mwembamba mwenye vumbi la mbao mpaka kwenye kope.

"Nimekungojea tangu asubuhi," alisema. "Nilijua Bi Mwanaarabu atanitaja mimi kabla ya kumtaja Ibilisi."

"Umesikiaje habari ya barua?"

"Inspekta, hapa Lamu barua husomwa kabla ya kuandikwa."

"Umeiandika wewe?"

"La. Na hiki kitanda unachokiona ni chao. Zawadi. Nilimtaka Esha kwa haki, nikanyimwa kwa haki, yakesha hapo." Alisema hivyo huku msasa ukienda kwa nguvu kuliko mti ulivyohitaji, na Jepchirchir akamwonea huruma. "Nitaingia boti ya wanaume yeo, niteke nifurahi na wenzangu, nirudi."

Alimpa karatasi aandike: Alhamisi, saa nane mchana, boti. Usama aliandika polepole, herufi kubwa za fundi. Pale kwenye saa aliandika *saa 8*, kama ambavyo mtu yeyote wa pwani angeandika.

Jepchirchir alikaa juu ya gogo. Mtu anayetaka kuvuruga arusi, alijiuliza, mbona aizuie boti moja na kuiacha nyingine? Boti zote mbili zinapita njia moja, saa ileile, maji yaleyale. Kama hatari ingekuwa baharini, wanaume nao wangeonywa. Hatari ilikuwa ndani ya boti ya wanawake. Na ndani ya boti ile, ukiwaacha wanawake wenyewe, kulikuwa na mtu mmoja tu ambaye boti ya wanaume haikuwa naye.

"Shekhan ni nahodha mzuri?" aliuliza.

"Hapana mfano wake. Amezaliwa na usukani mkononi."

"Hana tabia yoyote mpya?"

Usama aliuacha msasa. "Ana moya, nasi twamtania. Tangu mwezi wa Ramadhani haendi popote bila Dawud, baharia wake. Hata kuvuka Manda, safari isiyomaliza kikombe cha kahawa, Dawud yuko ubavuni mwa mashine. Twamwambia ameowa mke wa pili. Na zamani alikuwa akizamia majongoo ya bahari, ameacha. Pikipiki yake ameiuza. Asema amekuwa mtu mzima."

"Ameacha kuzamia, ameacha pikipiki, haendeshi boti peke yake."

"Ndiyo."

"Isipokuwa leo."

"Yeo ni arusi ya dadake," alisema Usama. "Dawud si maharimu. Ataingiaje?"

* * *

Kutoka Wiyoni hadi Langoni Jepchirchir alitembea haraka mpaka punda wakampisha. Katika mji huu watu wa aina mbili tu waliandika 1400 badala ya saa nane: askari, na wale wanaojaza faili za wagonjwa. Askari wa Lamu aliwajua wote, na hakuna hata mmoja ambaye angetembea alfajiri bila kulipwa posho. Na ule ukingo wa buluu aliwahi kuuona. Mwezi uliopita, aliposhikwa na malaria, daktari alimwandikia dawa kwenye vikaratasi vya matangazo ambavyo wauza dawa hugawa bure, vyenye kichwa cha buluu.

Zahanati ya Daktari Haidar ilikuwa nyumba ya ukoo wake iliyopakwa chokaa upya, na benchi mbili za wagonjwa pale ambapo babu zake walikuwa wakipokea wageni. Alikuwa mtu wa miaka arobaini na kitu, mpole, mwenye mazoea ya kusafisha miwani pale asipotaka kujibu. Jepchirchir aliweka barua juu ya meza, kando ya bunda la vikaratasi vyenye kichwa cha buluu.

Haidar akavua miwani.

"Barua ni yangu," alisema. "Hilo ni langu, naweza kulisema. Yaliyobaki si yangu."

"Unajua imesomwaje? Wamesema ni tisho. Nimetoka kumhoji kijana asiye na kosa."

"Nimesikia. Nilidhani wakiiona wataahirisha tu. Nimekaa miaka kumi na tano naandika onyo kwenye faili, na kila aliyelisoma alijua ni onyo." Alicheka bila furaha. "Sikujua ukitoa jina na muhuri, onyo na tisho ni kitu kimoja."

"Basi niambie jina."

"Siwezi."

"Wanawake kumi na sita, daktari."

"Nimewahesabu. Mmoja ni shangazi yangu."

"Mficha maradhi kifo humuumbua."

"Methali hiyo ni kweli kwa mgonjwa, Inspekta. Lakini haikusema daktari naye afanye nini." Aliinuka akafunga mlango. "Sikiliza. Mlango wangu wa nyuma huingia watu ishirini na watatu ambao majirani wakijua wanaumwa nini, binti zao hawaolewi na wao hawapewi kazi. Miaka mitano iliyopita hakuna aliyekuja. Walikuwa wakipungwa na kufukizwa, wakaanguka motoni, wakaanguka visimani. Sasa wanakunywa dawa. Wanakuja kwa sababu moja tu, kwamba sijawahi kumtaja mmoja. Nikimtaja mmoja leo, kesho nitabaki na benchi."

"Na sheria yenu inasemaje?"

"Inaniruhusu kusema pale roho ya mtu mwingine ipo hatarini. Nimeisoma usiku kucha. Inaniruhusu. Lakini nimwambie nani, na kiasi gani? Kumwambia mama mmoja wa Langoni ni kumwambia muadhini." Alisafisha miwani. "Kuna watu ambao ukiwaambia, usiende kazini peke yako, chukua mwenzio, wanatii. Miezi mitano wanatii, mpaka wanachekwa. Halafu inakuja siku moja ambayo ada inamkataza mwenzio asiingie. Unafanya nini na mtu kama huyo? Si mhalifu. Ni mtu mwema aliyebanwa."

Jepchirchir aliielewa habari yote, na alielewa pia kwamba daktari hakuwa amesema kitu. Watu wa Hamdun walitafuta kifafa mpaka babu wa saba. Kama kingejulikana leo, mwezi ule ule wa arusi, ni nani angelipa?

"Sikuulizi jina," alisema. "Nakuuliza swali la kazi yangu. Boti ikiwa na watu wawili wanaojua usukani badala ya mmoja, leo utakula chakula cha mchana?"

Haidar alimtazama. "Nitakula."

"Basi hilo ndilo ninalolihitaji. Jina kaa nalo."

Alikuwa ameshika kitasa cha mlango Haidar alipomwita.

"Inspekta, askari wenu hufundishwa huduma ya kwanza?"

"Mara moja, chuoni. Nimesahau."

"Ni vibaya kusahau." Alichukua mto kutoka kitanda cha wagonjwa akautupa sakafuni, akapiga magoti. "Mtu yeyote, popote, simsemi nani, akianguka akatetemeka: usimshike kwa nguvu. Mlaze ubavu, hivi. Kitu laini chini ya kichwa. Usimtie kijiko mdomoni, wala kidole, hata shangazi wakipiga kelele. Tazama saa. Dakika tano zikipita, tafuta hospitali. Zisipopita, ngoja. Watu hawa husumbuliwa zaidi wasipolala, na siku za arusi hakuna anayelala. Fanya nione."

Jepchirchir alipiga magoti na sare yake, akaulaza mto ubavu. Walikuwa watu wazima wawili wanabembeleza mto sakafuni, na hakuna aliyecheka.

* * *

Saa saba na nusu gatini palikuwa pamejaa. Boti ya wanaume ilikuwa imekwisha pakia, Usama ndani yake pamoja na ami wawili wa Hamdun waliokuja kumchukua bibi arusi. Wanawake walikuwa wakiingia ya pili, wakinukia udi na asmini. Esha alikuwa katikati, hina mpaka viwikoni. Shekhan alisimama kwenye mashine, mtu wa kifua kipana mwenye macho mekundu ya kukosa usingizi. Dawud, baharia wake, alikuwa juu ya gati ameshika kamba, uso umemshuka.

"Bi Mwanaarabu," Jepchirchir alisema kwa sauti ya kusikiwa na wote, "barua ile ni tisho mpaka nitakaposema mimi si tisho. Boti haiondoki bila mtu wa pili wa usukani. Na mimi mwenyewe nitapanda."

"Wewe panda, u mwanamke, karibu. Mtu wa pili ni nani?"

"Dawud yupo."

"Dawud?" Bi Mwanaarabu alisimama ndani ya boti mpaka ikayumba. "Mbee ya wana hawa walofunuliwa hivi? Mtu mume wa nde, asokuwa wetu? Mwanangu, waitaka aibu yangu?"

"Nataka mfike."

"Tutafika kwa ada zetu au hatwendi!"

Kutoka boti ya wanaume mmoja wa wale ami alipaza sauti kwamba maji yanapita. Jepchirchir alibakiwa na neno moja tu. Hilo alikuwa amekubali libaki kwa daktari. Alimtazama Shekhan, akatazama pembeni upesi ili asimlazimishe.

Shekhan alikuwa ameshika usukani kwa nguvu, vidole vimemsawijika.

"Mama," alisema. "Naaye Dawud, aingie."

"Wewe nawe!"

"Naaye, mama. Sitoendesha peke yangu."

Bi Mwanaarabu alifungua kinywa. Halafu akamtazama mwanawe kama mama anavyomtazama mtoto mwenye homa kabla hajamgusa paji. Jepchirchir hakujua aliona nini. Alikaa.

"Vaani mabuibui," aliwaambia wanawake. "Nyote. Esha naye. Mutayavua Mkokoni."

"Lakini bibi, nywele zangu..."

"Vaa!"

Kumi na sita wakajifunika mpaka uso, wakinung'unika, na udi wao wote ukaingia chini ya nguo nyeusi. Dawud aliingia ameinamisha kichwa, akakaa ubavuni mwa mashine. Jepchirchir aliingia wa mwisho, akashika ubao kwa mikono miwili.

* * *

Ilitokea ndani ya Mkanda, pale mikoko inapobana na boti haiwezi kupotea njia hata nusu boti. Shekhan alikuwa akiongea na Dawud. Alinyamaza katikati ya neno, shingo ikageuka upande kama aliyeitwa, na mkono ukaukamata usukani ukauvuta. Boti ilielekeza pua kwenye mikoko. Dawud hakupiga kelele. Alimtoa mkono, akageuza, akapunguza mwendo, vitendo vitatu ambavyo inaonekana alikuwa amevizoea kichwani miezi mitano. Matawi yalikwaruza ubavu wa boti. Kisha wakawa katikati ya maji tena, na Shekhan alikuwa chini anatetemeka.

"Mtieni kijiko!" khalati mmoja alilia.

"Hakuna kijiko!" alisema Jepchirchir, na alikuwa amekwisha achia ubao bila kujua. Alimlaza ubavu, akamwekea mkoba wake chini ya kichwa, akatazama saa. "Msimshike. Msome dua, lakini msimshike."

Nyuma yao mashine ya boti ya wanaume ilikuwa inakaribia. Ami wa Hamdun walikuwa wamesimama, wanatazama kwa nini wamepunguza mwendo.

Bi Mwanaarabu aliona. Alifungua furushi la zawadi za bibi arusi, akatoa leso, akampa mwanamke huyu pembe na yule pembe, na wanawake wakasimama wakazinyanyua pande zote kumzunguka Shekhan, jinsi bibi zao walivyokuwa wakifunikwa na shiraa, pazia la nguo lililobebwa juu ya vijiti, wakipita barabarani. Esha alishika pembe ya kwanza. Mmoja akaanzisha wimbo wa arusi, sauti imevunjika, na wengine wakaupokea. Boti ya wanaume ilipita ikipiga vigelegele vya mzaha. Waliona leso na walisikia nyimbo, basi.

Dakika tatu na nusu. Jepchirchir alikuwa akilia, na hakujali nani amemwona.

* * *

Mkokoni maji yalikuwa mafupi, na boti ya wanaume ilikuwa imefika zamani. Hamdun alisimama ufuoni na kanzu nyeupe, wazee wake nyuma yake. Leso zilikuwa bado juu. Ndani yake Shekhan alikuwa amekaa, mdomo una damu, nguo mbichi, amechoka hata kope zilimlemea.

"Ngojani kidogo!" Bi Mwanaarabu aliwaambia walio ufuoni. "Wanawake wajipamba."

"Mama," alisema Shekhan. "Shusheni."

"Tulia, mwanangu. Hakuna alojua."

"Mimi najua. Nimewatia nyote kwenye mikoko ili nisiseme neno moya. Shusheni."

Bi Mwanaarabu alitikisa kichwa, anakaza pembe yake. Aliyeachia kwanza ni Esha. Leso ya kwanza ilianguka, kisha ya pili, na Shekhan akaonekana na watu wote wa Mkokoni jinsi alivyo.

"Hamdun," aliita, sauti imekauka. "Nina kifafa. Mlipouliza nasaba, mamangu hakujua. Nilijua mimi, nikanyamaza. Dadangu hana kosa. Kama una neno, liseme sasa, kabla hajatia mguu t'ini."

Ufuoni mzee mmoja alisema subhanallah, na mwingine akamwinamia sikioni. Hamdun hakugeuka kuwatazama. Alimtazama Esha, aliyesimama kando ya kaka yake na mkono begani mwake, na ilionekana wazi kwamba hangeshuka bila yeye.

Hamdun alikunja kanzu yake mpya, akaingia majini mpaka magotini, akafika ubavuni mwa boti akaweka bega.

"Neno langu ni kwamba umelowa," alisema. "Ndoo kwangu, shemeji. Egemea hapa. Esha, shika mkono wa pili."

Walishuka watatu pamoja. Bi Mwanaarabu alikaa peke yake kidogo kwenye ubao, amefunika uso kwa leso, mabega yanamtikisika.

Jepchirchir alibaki kwenye boti mpaka mtandao ulipopatikana. Haidar alikuwa amemtumia ujumbe wa neno moja: *Wamefika?*

Aliandika kwamba wamefika wote. Akafikiri, akaongeza:

*Na amesema mwenyewe.*